Kinu Yangu mu Disiki ya Waingereza

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. (Si nguo ya kweli. Ya kweli ingekuwa afazali.) Na aliyenivua ni mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, mu bafle, spika kubwa ya kukopa.

Wamama wa kundi ya telefone, ninyi wa Nyangwe, wa Samba, wa Kindu, ninyi wote hamukufika leo asubui: ninawaandikia kwa kidole kimoja, haraka, kabla mutu mwingine hajawaeleza. Niko na hasira. Hasira ya Faida, hasira ya Ramazani, hasira ya wifi yangu Mwamini, hasira ya bateri, na hasira ya Muingereza mumoja jina yake Kolini, ambaye pengine alishakufa. Kama alishakufa, hasira yangu inabaki palepale.

Nianze na huyo Kolini.

Hii habari ya zamani munaijua, nimewaeleza mara nyingi kuliko vile mulitaka. Lakini kundi iko na wageni, waache wasome. Wakati niliolewa na marehemu Salumu, ile miaka ya sabini, huyu Muzungu alikuwa amekwama hapa Kasongo sababu chombo ya kuvusha magari mu Lualaba ilikuwa imeharibika. Nywele nyekundu kama mawese. Kwao alikuwa mupiga gitari. Alikuwa na mashine ya kukamata sauti, yenye magurudumu mawili juu, na alitembea nayo kama mutu mwenye kubeba mutoto mugonjwa. Alikamata kila kitu: azana, vyura, kengele za baiskeli, mabibi wakigombana ku soko. Akakamata na harusi yangu.

Akakamata na chungu yangu ya kwanza.

Hapa lazima nieleze, juu ya wale wachanga waliokulia sombe ya mashine. Kwetu, siku ya saba, bibi-harusi anapikia watu wa bwana yake chungu ya kwanza: sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki ya Lualaba. Anapika peke yake, nyuma ya nyumba, mu uzio ya matete. Watu wa bwana wanakaa mbele, hawaoni kitu. Wanasikiliza kinu. Kinu njo inasema yote, si kitu ingine. Ikianza, na isisimame mpaka majani yamelainika, wanajua huyu mwanamuke iko na mikono. Ikisimama-simama, wifi anakohoa. Wifi akikohoa mara tatu, basi, hata utie samaki yote ya Lualaba mu ile chungu, watu wataionja na midomo imekunjwa.

Siku yangu kinu haikusimama. Mwamini, dada ya Salumu, alikaa mbele na masikio wazi kama mulinda forodha. Hakukohoa hata mara moja. Na Kolini aliweka mashine yake nyuma, karibu na kinu, sababu alisema (kwa mikono, Kiswahili hakukijua) kwamba ile sauti inamupendeza sana. Akaiacha inazunguka, akaenda kunywa kahawa na wanaume.

Miaka miwili baadaye, kado, zawadi ya Kolini, ikafika kwa Salumu. Disiki. Kubwa kama sinia. Foto yake: mukono ya bluu inatoka mu kikombe ya chai. (Musiniulize. Ni Waingereza.) Ndani, muziki ya watu watano waliogombana. Mwenye gitari anakimbia, mwenye ngoma anamufuata na fimbo, mwenye kinanda amekasirika, mwenye saksofone analia kama mbuzi ya sikukuu, mwenye gitari nzito anawaambia wote wanyamaze na hakuna anayemusikia. Kuimba, hakuna! Hata neno moja. Wimbo mumoja unaweza kuivisha maharagi.

Lakini upande wa pili, wimbo wa mwisho, wote wananyamaza. Halafu: tu. Tu. Tu. Tu. Kinu! Kinu ya Kasongo! Na wale Waingereza wanaingia mumoja mumoja nyuma ya kinu, polepole, na adabu, kama watoto wa shule wenye kuchelewa. Halafu kigelegele yangu, sauti inaenda mbali, inapotea. Imekwisha.

Wazungu watano walifuata muchi wangu. Nimeishi na hiyo maneno. Juu yake njo mulinichagua mukubwa wa mapishi ya harusi hapa mujini, na mulinikalisha mbele kusikiliza kinu za wengine. Na mimi nilisikiliza! Majina yote ninakumbuka. Feza alitwanga kama mutu mwenye usingizi. Zaina alisimama mara ine. Nyota alisaidiwa na dada yake, nikamurudisha kwa mama yake wiki mbili nzima. (Nyota, najua uko humu. Endelea kusoma. Utafurahi.)

Disiki yenyewe ilipasuka wakati wa vita, tukikimbia, mu mutumbwi. Kuna mutu aliikalia. (Ni mimi. Sitaki maswali.) Kutoka ile siku hakuna aliyeisikia tena. Walinisikia tu mimi nikiielezea.

Sasa, mwezi uliopita, Faida, mujukuu wangu mwenye kukaa Liège, ananipigia telefone, anapiga kelele mpaka nikafikiri kuna kifo.

"Bibi! Disiki yako imerudi!"

"Imerudi wapi? Niliika… ilivunjika!"

Akanieleza. Kule Ulaya kuna watu wanatafuta ile miziki ya zamani vile watu wa Salamabila wanatafuta zahabu. Wanachimba, wanaosha, wanauza upya. Sasa wameitoa tena, mukono ileile ya bluu, kikombe ileile. Na ndani wametia kitabu kidogo yenye majina ya wote waliopiga.

"Bibi, jina yako imo! Gitari, fulani. Ngoma, fulani. Kinanda, fulani. Kinu: Mwavita wa Kasongo."

Wamama, nilikaa chini. Jina yangu imeandikwa mara mbili mu maisha yangu. Mara ya kwanza ku karte ya uchaguzi, na wakakosea. Mara ya pili mu disiki ya Waingereza, na hawakukosea hata herufi.

Faida akatuma disiki kwa mufanyabiashara mumoja aliyekuwa anakuja huku, na muziki akaitia mu telefone yangu. Akaniambia neno moja tena. Ninaiandika vile alisema, musije mukasema hakunionya:

"Bibi, usikilize kwanza peke yako. Ule wimbo wa mwisho sasa wameuweka muzima, hawakukata kitu. Mwisho kuna watu wanaongea karibu na kinu. Mimi sikufuata vizuri, muziki iko juu yao."

Nikamujibu: "Faida, wimbo wangu mwenyewe njo unataka kunifundisha?"

(Hiyo jibu imenirudilia mu kichwa kutoka asubui kama nzi.)

Sasa mujue na habari ya Riziki. Ramazani, kaka ya Faida, ameoa. Amemuoa Riziki, binti ya watu wa Kabambare, mutoto wa adabu, anasalimia akiwa amepiga magoti hata kwa matope. Juzi ilikuwa chungu yake ya kwanza. Mimi na Mwamini mbele, masikio tayari. Kinu ikalia kidogo. Ikanyamaza. Ikakaa kimya saa muzima. Halafu chungu ikaja! Nikafungua. Sombe laini kama unga ya mutoto.

"Riziki. Hii umetwanga wewe?"

"Nilianza, Bibi. Mikono ikapasuka. Nikatuma majani ku mashine ya soko."

Nikafunika chungu. Sikuonja. Mbele ya watu wote nikasema: "Rudi Kabambare kwa mama yako akufundishe. Ukijua, utarudi." Mutoto akalia bila sauti, ile kulia ya kutazama chini. Mwamini akaniinamia: "Mwavita, onja tu. Chumvi iko sawa, ninasikia harufu." Nikamwambia: "Wifi, siku yangu ulisikiliza mpaka mwisho. Yake tutamusamehea nini?"

Ramazani hakunisalimia siku mbili. Riziki akafunga mufuko wake. Pikipiki ya kumurudisha Kabambare ilikuwa leo, saa saba. Na munajua vile inakuwa: mwanamuke akirudi kwao juu ya chungu, mama yake anakasirika, wajomba wanakaa kikao, na harusi ya siku kumi inakwisha juu ya majani.

Mimi njo nikapata akili. (Ningepata malaria ingekuwa heri.) Nikasema, kabla hajaondoka, huyu mutoto asikie. Asikie kinu ya bibi-harusi wa kweli, mpaka Uingereza wameisikia. Atajua sikumuonea.

Basi leo, saa ine ya asubui, lupango yangu, kiwanja yote ya nyumba, ilijaa watu. Nilivaa kitenge yangu ya kijani ya sikukuu. Nikakopa bafle kwa kijana wa kuchaji matelefone, ile bafle kubwa yenye kufanya kuku wahame. Bateri yake inakufaga kila mara katikati ya wimbo, kila mutu anajua. Disiki mupya nikaisimamisha juu ya meza, mukono ya bluu ikitazama watu. Mwamini nikamupa kiti yenye mito, mbele kabisa. Riziki nikamukalisha pembeni yake, mufuko wake kati ya miguu. Nyuma, karibu na uzio, alikaa jirani yangu Albertine.

Huyu Albertine munamujua. Mama wa watu wa kanisa, Muzimba kwa kabila, uzio yangu na yake ni moja tangu ujana wetu. Mikono kama ya mupasua mbao. Maneno matatu kwa siku, siku ya sikukuu ine. Alikuja na kapu yake ya mboga, anachambua, hatazami mutu.

Nikasimama. Nikasema: "Riziki, mwanangu, sina chuki na wewe. Leo utasikia mukono ya mwanamuke. Utaisikia, utaenda kujifunza, utarudi."

Ramazani akaunga telefone yangu na bafle, akanirudishia mukononi. "Shika mwenyewe, Bibi. Ni wimbo wako." Akaenda kukaa chini karibu na Riziki wake. Hakunitazama.

Nikafinya.

Wale watano wakaanza kugombana. Gitari ikapiga mbio, ngoma nyuma yake. Kuku wakahama. Mwamini akajishika sikio: "Hawa watu wamepoteza nini?"

"Ngoja, wifi. Wanatafuta kinu."

"Waulize watu, basi, wasilie hivi!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. (Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka leo.) Halafu, kimya. Halafu: tu. Tu. Tu. Tu.

Wamama! Kinu yangu! Ile sauti nzito, haiharakishi, haichelewi, na Waingereza nyuma yake wamejipanga kama karani mbele ya mukubwa wake. Machozi yakanitoka. Nikashika muchi ya hewa, nikatwanga hewa, pale mbele, na kitenge yangu ya kijani, ninazunguka, ninaonyesha Riziki vile kiuno inafuata mukono. Watu wakapiga makofi kwa kufuata kinu. Halafu kigelegele yangu ya usichana ikapanda. Ee! Nikaiitikia na ya leo, kigelegele juu ya kigelegele. Nikainua mukono.

"Imekwisha!"

Haikukwisha.

Kinu ikaendelea. Gitari ikashuka chini kabisa, ikawa kama mutu anayelala. Na mu bafle, wazi kama mutu aliyesimama mulangoni, sauti ya musichana:

"Albertine! Usisimame! Wanasikiliza kule mbele!"

Sikuijua mara moja ile sauti. Nilifikiri: huyu musichana mwenye kuamuru watu ni nani?

Sauti ingine, ikipumua kwa kazi: "Mwavita, shika basi hata mara tatu. Harusi ni yako."

"Mimi? Nikishika watajua! Mimi natwanga kama kuku anayedonoa. Piga, dada, piga. Mikono yangu ni ya hina, haijakauka."

Tu. Tu. Tu. Tu.

Nikafinya telefone. Haikusikia. Jasho ya kidole. Nikaifinya na kidole ingine.

"Chumvi umetia?" Albertine anauliza mu bafle.

"Sijui. Pengine mara mbili."

"Ee Mungu."

"Si kitu. Yule Mwamini ataonja nini? Ulimi wake ni ngozi ya ngoma. Ukimupa majivu na mawese ataomba kuongezewa."

Sikutazama kiti yenye mito. Nilifinya, nilifinya. "Ramazani! Zima!" Ramazani anasema, na sura ya mutu anayesali: "Bibi, telefone iko mukononi mwako." Nikaivuta ile mustari ya wimbo, ya chini, na dole gumba, mbele, nyuma, sijui, ile mustari ikaruka.

"Albertine! Usisimame! Wanasikiliza kule mbele!"

Imerudi mwanzo. Wamama, nimeirudisha mwanzo! Mara ya pili watu walishajua maneno. Wale wasichana wa nyuma wakaanza kutwanga na viganja juu ya mapaja: tu, tu, tu. "Kama kuku anayedonoa!" wakasema pamoja na mimi, yaani pamoja na ule musichana. Nikatazama bateri. Bateri! Ile yenye kufa kila harusi, kila matanga, kila mupira! Leo ilikuwa nzima kama ng'ombe.

Na mara ya pili ikafika kule ambako mara ya kwanza haikufika. Sauti ya Albertine:

"Na huyu Muzungu? Mashine yake si inasikia?"

Na mimi, ninacheka, ninacheka kama mutu asiyekuwa na siku ya kesho:

"Hajui Kiswahili! Na ile mashine inakamata kinu tu!"

Halafu, kama waliisubiri, Waingereza wote watano wakaingia kwa nguvu, gitari inalia juu, saksofone, ngoma, kinanda, yote, na wimbo ukakatika. Kimya.

Kimya ile, ningeweza kusikia mboga ikichambuliwa.

Halafu Mwamini akakohoa.

Mara moja.

Akatengeneza mutandio wake. Mara mbili.

Akanitazama machoni, yule mwanamuke mwenye miaka makumi munane, akavuta pumzi. Mara tatu.

Hapo lupango ikapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka inje kucheka vizuri. Feza alicheka ameshika muti. Zaina alicheka anapiga chini na kandambili. Asha wa duka, Mama Georgette wa korali, Sakina na binti zake wawili, na yule kijana wa bafle, ambaye hakualikwa. (Nimewaweka wote mu kichwa. Kichwa yangu haina bateri.) Mwamini mwenyewe hakucheka. Alikuwa anapangusa macho, anasema polepole: "Ngozi ya ngoma. Miaka yote hii nimemusifu. Kila harusi nimemusifu. Ngozi ya ngoma!"

Nikataka kusema kitu. Nikasema: "Kupika nilijifunza! Mwaka wa pili nilijua! Salumu alinenepa, mulimuona!"

"Na kinu?" Mwamini akauliza.

Kinu, ukweli, sikujifunza. Kwanza Albertine alinisaidia, halafu wabinti zangu wakakua, halafu wakwe wakaja, halafu nikawa mukubwa wa kukaa mbele. Sijui vile ilienda. Siku moja nilikuwa ninadanganya, siku ingine nilikuwa ninakumbuka. Leo asubui, nikitwanga ile hewa, wallahi niliamini.

Njo Riziki akasimama. Nilifikiri anaenda ku pikipiki. Akapiga magoti mbele yangu, na ile adabu yake mbaya, akasema kidogo-kidogo, lakini watu wote walisikia:

"Bibi, lakini mimi nilitwanga kidogo."

Hakuna tusi lililonipata mu maisha kama hiyo. Na halikuwa tusi! Nilitazama mikono yake. Kweli ilipasuka, kidonda hapa, kidonda hapa, kitambaa ku dole gumba. Juzi sikuitazama. Juzi nilikuwa ninatazama sombe.

Nikamwambia: "Fungua mufuko." Nilisema kwa ukali, sikujua kuisema namna ingine. "Fungua mufuko, toa nguo zako, usinionyeshe hiyo pikipiki hapa." Akatazama bwana yake. Ramazani akatazama Mwamini.

Mwamini akasema: "Ngoja. Chungu ya Riziki imekubaliwa, mimi nimeikubali, niliinusa. Lakini mu hii familia kuna bibi-harusi mumoja ambaye chungu yake ya kwanza hatujaiona bado. Tumeingoja sana. Kesho, saa ine, atatwanga."

"Wifi, niko na miaka makumi saba na kitu!"

"Tutaleta kiti."

"Mabega yangu!"

"Tutasikiliza polepole."

Na watu wakapiga makofi, wamama. Makofi ya kufuata kinu.

Nikabaki na Albertine. Alikuwa ameshamaliza mboga yake, amesimama, kapu ku kiuno. Hasira yote yenye sikujua mahali ya kuitia nikaitia kwake. "Na wewe! Miaka yote ile unanisikia ninajisifu, unanisikia juu ya uzio, kila harusi, kila sikukuu! Kwa nini hukusema hata neno?"

Akanitazama kama mutu anayeulizwa jina yake.

"Uliniambia nisiseme."

Akaenda zake. Hakuna kitu ingine alisema. Maneno yake ya leo na ya kesho yalikwisha pale.

Nilikaa. Ile disiki iko juu ya meza, mukono ya bluu mu kikombe ya chai. Nikafungua kitabu kidogo. Kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini jina yangu ninaijua. Kinu: Mwavita wa Kasongo. Nikamupigia Faida telefone.

"Faida, andikia wale watu. Jina yangu waondoe. Watie Albertine."

"Bibi, haiwezekani. Imeshachapwa. Imeshauzwa."

"Si waliitoa mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Si wameitoa tena mara ya pili, juu ya kuniumbua?"

"Bibi…"

"Basi waitoe mara ya tatu! Kama Wazungu walipata nguvu ya kuchimba uongo wangu kutoka ile miaka, wapate na nguvu ya kuandika jina ya mwanamuke aliyetwanga! Na mwisho wakate. Wakate kama mwanzo. Yule Kolini, mara ya kwanza, alikuwa na akili: alikata."

Nikasikia Faida anacheka huko Liège, anajaribu kuficha na mukono. Nikakata mimi.

Sasa ni mchana. Riziki ametoa nguo zake mu mufuko, nimeziona ku kamba. Pikipiki imeenda Kabambare na gunia ya mutu mwingine. Ramazani amenisalimia. Amenisalimia vizuri kupita, na amesema kesho ataweka telefone yake nyuma, karibu na kinu, akamate yote bila kukata. Riziki atakaa mbele na Mwamini. Wamemupa muto mumoja.

Na mimi, juu sina aibu tena ya kupoteza, nilienda ku uzio. Nikaita kidogo-kidogo: "Albertine. Dada. Kesho saa ine, utakuwa wapi?"

Nilisikia anatia maji mu sufuria.

"Nyuma ya hii uzio nilikaa siku yako nzima, na sombe sikuionja," akasema. "Kesho ninakaa mbele. Ninaonja."

Niliyahesabu. Yote yale maneno mu siku moja! Albertine!

Basi, wamama, musicheke. Nimewaandikia mimi mwenyewe kwa roho safi, na majina yenu yote ninayo. Nyota, na wewe ninakuomba radhi kwa zile wiki mbili. Ilikuwa haki yako kusaidiwa.

Lakini kama kuna mumoja wenu mwenye mikono nguvu, na mudomo wa kufunga, na anaweza kufika hapa kesho kabla ya saa ine kwa njia ya nyuma, aniandikie pembeni. Pembeni, si humu. Na telefone yake aiache kwake.